Mboya Hakugawiwa Kiti

Februari 1961 wakazi wa Nairobi Mashariki walipanga foleni kumchagua mtu wa kuwasemea katika Baraza la Kutunga Sheria. Wengi wa wapiga kura hao walikuwa Wakikuyu. Dkt Munyua Waiyaki, mmoja wa wagombea, alikuwa Mkikuyu, tabibu msomi wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, na nyuma yake walisimama vigogo wa KANU, Jaramogi Oginga Odinga akiwa miongoni mwao. Mpinzani wake alikuwa kijana wa miaka 30 ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, kwa Wasuba, jamii ndogo yenye asili ya Kibantu iliyovuka maji kutoka upande wa Uganda na baada ya vizazi kadhaa ikawa inasema Dholuo. Kwa hesabu za kikabila tunazopigiwa leo na wachambuzi kila msimu wa kura, Waiyaki alistahili kupita bila kutoka jasho. Masanduku yalipofunguliwa, Tom Mboya alikuwa na kura zaidi ya 31,000. Waiyaki hakufikisha 3,000.

Matokeo hayo yanafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya chama cha kisiasa jijini Nairobi. Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na tayari viongozi wanakaa vikao vya kugawana viti vya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji: hiki ni cha jamii fulani, kile tuwaachie wenzetu, wadi ile tumpe mtoto wa wageni ili wasinung'unike. Wanauita mgao huo ujumuishaji. Mimi nauona kuwa dharau kwa mpiga kura wa Kayole na Kaloleni, na ni dharau kubwa zaidi kwa jamii ndogo zenyewe, kwa kuwa unamfundisha kijana wa kabila dogo kwamba njia ya kuingia uongozini ni kumlamba kiatu mwenye mgao. Historia ya mitaa yetu inasema vingine. Mwanasiasa wa jamii ndogo alipata kuwa mfalme wa Eastlands kwa sababu alifanya kazi ambayo watu waliihitaji, akaifanya kwa miaka mingi kabla ya kuomba kura hata moja.

Safari yake ilianza mbali na Rusinga. Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara. Utotoni alicheza na watoto wa vibarua Wakikuyu na Wakamba, akazijua lugha zao pamoja na Kiswahili. Shule ya msingi aliisomea Ukambani, kisha akaenda St Mary's Yala, halafu Mang'u. Karo ikawa tatizo nyumbani, masomo yakakatika, naye akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya katika shule ya Jeanes, Kabete. Mwaka wa 1951 Baraza la Jiji la Nairobi likamwajiri kuwa mkaguzi wa afya.

Katika kitabu chake cha 1963, Freedom and After, amesimulia kisa cha siku aliyokuwa peke yake kwenye maabara ya Baraza, akipima sampuli za maziwa. Mama mmoja wa Kizungu aliingia na chupa yake ya maziwa mkononi, akaangaza macho huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu pale. Mboya alimjibu kwamba huenda macho yake yana kasoro. Ninakirejelea kisa hiki kwa sababu kinaonyesha maisha ya Mwafrika wa Eastlands yalivyokuwa wakati huo. Alipima maziwa ya jiji, akazoa taka zake, akapakua mizigo ya reli yake, na bado hakuhesabiwa kuwa mtu. Mkaguzi Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Mboya aliingia kwenye chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza, akakigeuza kutoka kikundi cha kuandaa dansi na chai hadi chama halisi cha kutetea maslahi, kilichokuja kujulikana kama Kenya Local Government Workers Union.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu, maana siri yote imo humo. Katibu wa chama cha wafanyakazi haanzi siku yake jukwaani. Anaanza na mzoa taka aliyefutwa bila notisi, na karani aliyekatwa mshahara kwa kosa asilolielewa. Anaandika barua, anamfuata ofisa wa leba, anasoma sheria ambayo mwajiri hakutarajia aisome. Akishinda, mzoa taka yule anarudi Shauri Moyo jioni na habari hiyo, na chumba kizima kinamsikia. Vyumba vya wakati huo vilijengwa kwa dhana kwamba Mwafrika ni mgeni wa mji, mwanamume asiye na familia, kwa hiyo wanaume kadhaa walilala pamoja, Mluhya na Mkamba, Mjaluo na Mkikuyu. Habari njema haikuhitaji kipaza sauti ili ifike Pumwani, Ziwani, Kariokor na Muthurwa.

Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 23, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Muda wenyewe ulikuwa mbaya kupita kiasi. Makhan Singh, Mpunjabi aliyetangaza katika ukumbi wa Kaloleni Aprili 23, 1950 kwamba Afrika Mashariki inataka uhuru wake, alikuwa ameshatiwa kizuizini, na hangeachiliwa hadi 1961. Fred Kubai naye alikuwa gerezani. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku. Shirikisho hilo lilikuwa karibu mdomo pekee uliobaki wazi.

Kisha ikaja Aprili 24, 1954. Wanajeshi na polisi waliuzingira mji katika msako uliopewa jina la Anvil, wakaingia mitaa ya Eastlands nyumba hadi nyumba, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapakia kwenye malori. Maelfu kwa maelfu walipelekwa kambini bila kufunguliwa mashtaka, wake na watoto wakarudishwa kwa nguvu mashambani. Kijana wa Rusinga angeweza kukaa kimya. Hakuna jamaa yake aliyetafutwa, na kwa mwanasiasa mwenye hesabu za kikabila, mji uliopunguzwa Wakikuyu ungekuwa neema. Shirikisho chini ya Mboya lilipinga msako ule na kushughulikia malalamiko ya waliokamatwa na familia zao, wakati ambapo kumtetea Mkikuyu kulitosha kumfanya mtu ashukiwe kuwa Mau Mau. Wakikuyu wa Eastlands waliorudi kutoka kambini walikuwa na kumbukumbu ndefu. Kura za 1961 zilianza kupandwa siku hizo.

Machi mwaka uliofuata, wapakuzi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alishuka pwani kusuluhisha, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya mshahara. Baadaye alikwenda kusoma mwaka mmoja Chuo cha Ruskin, Oxford, akarudi 1956 akiwa na marafiki katika vyama vya wafanyakazi vya Ulaya na Marekani.

Ukweli unataka niseme pia kwamba ushindi wake wa kwanza, wa Machi 1957, hauthibitishi hoja yangu. Uchaguzi ule ulikuwa na viti vinane tu vya Waafrika katika nchi nzima. Kura zilitolewa kwa masharti ya elimu, mali na utumishi, na aliyetimiza masharti mengi alipewa kura hadi tatu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji cheti cha uaminifu kwa serikali ndipo aandikishwe. Mboya alimshinda wakili C.M.G. Argwings-Kodhek kwa kura mia chache katika mji uliokwisha kupunguzwa watu wake. Mtu angeweza kudai wakati ule kwamba alibebwa na mazingira.

Alichokifanya baadaye ndicho kilichoziba midomo. Alianzisha Nairobi People's Convention Party, kwa kuwa serikali iliruhusu vyama vya wilaya pekee, akakipanga mtaa kwa mtaa, kila mtaa na kamati yake na viongozi wanaojulikana kwa majina. Chama kilikuwa na gazeti lililoitwa Uhuru. Machi 1959 polisi walivamia usiku, wakakamata viongozi, wakalipiga marufuku gazeti, wakapekua hata nyumba ya Mboya. Mwaka huo huo, Septemba, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, kwa fedha zilizochangwa huko na watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka wa 1960 John F. Kennedy, alipokuwa akiwania urais, alikubali wakfu wa familia yake usaidie safari zilizofuata. Wangari Maathai, binti wa Nyeri, alikuwa mmoja wa waliosafiri mwaka huo. Hadi mpango ulipomalizika 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamefaidika. Mzazi wa Bahati au Makongeni aliyemsindikiza mtoto wake uwanja wa ndege hakuwa na haja ya kuuliza Rusinga iko wapi.

Kwa hiyo ilipofika Februari 1961, masharti ya kura yakiwa yamelegezwa na Wakikuyu wamerudi mjini kwa wingi, Mboya alisimama mbele ya wapiga kura ambao kikabila hawakuwa wake. Mitaa ikampa zaidi ya kura tisa katika kila kumi.

Wala Mboya hakuwa wa kwanza kukubalika Eastlands bila kabila kubwa mgongoni. Mtaa wa Mbotela, kule Makadara, unaitwa kwa jina la Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU. Alikuwa mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kutoka Freretown ya Mombasa, kijiji cha watumwa walioachwa huru. Hakuwa na wilaya ya asili wala baraza la wazee la kumpigia debe. Msimamo wake dhidi ya Mau Mau ulimletea maadui, akauawa Novemba 1952, na sikusudii hapa kuamua kama msimamo huo ulikuwa sahihi. Jambo ni kwamba mjukuu wa watumwa alifika ngazi ya pili ya chama kikubwa cha Waafrika nchini. Karibu na hapo ni Ofafa, unaobeba jina la diwani Ambrose Ofafa, Mjaluo aliyeuawa mwaka uliofuata. Vijana wanaopanda matatu za kwenda mitaa hiyo kila asubuhi wanalipa nauli kwa majina ya watu hao bila kuambiwa walikuwa nani, na shule zetu zinastahili lawama kwa hilo.

Najua nitapingwa: je, jamii ndogo zisubiri mpaka azaliwe Mboya mwingine? Kwa nini tusitenge viti, kama wanavyofanya wengine?

Swali ni la haki, na India imelijibu kwa namna inayofaa kuangaliwa kwa makini. Katiba yake iliyoanza kutumika 1950 inatenga viti kwa makabila ya asili, watu wanaojiita Adivasi. Katika bunge la taifa viti 47 ni vyao, na katika bunge la jimbo la Jharkhand, lililoundwa Novemba 2000, viti 28 kati ya 81. Mmoja wa waliowasemea Adivasi katika bunge la kuandika katiba hiyo alikuwa Jaipal Singh wa kabila la Munda, aliyekuwa nahodha wa timu ya hoki ya India iliyotwaa dhahabu Olimpiki ya Amsterdam, 1928. Matunda ya kutenga viti hivyo tuliyaona Julai 2022, Droupadi Murmu, mwanamke wa kabila la Santal, alipoapishwa kuwa rais wa nchi. Alianzia chini kabisa: diwani wa mji mdogo wa Rairangpur mwaka wa 1997, kisha mbunge wa jimbo la Odisha kuanzia 2000 katika kiti kilichotengewa jamii kama yake, akawa waziri wa jimbo, na baadaye gavana wa Jharkhand.

Kenya nayo imewahi kuonja viti vya kutengwa, ila kwa sura nyingine. Katika uchaguzi ule ule wa 1961, kati ya viti 53 vya kuchaguliwa, 20 vilitengwa kwa misingi ya rangi: kumi vya Wazungu, vinane vya Waasia, viwili vya Waarabu. Wazungu walikuwa wachache kwa idadi, lakini walishika ardhi, benki na bunduki. India ilitenga viti ili mnyonge apate pa kuingilia. Kenya ya mkoloni ilitenga ili mwenye nguvu asitoke. Ndiyo maana kizazi cha Mboya kilidai kura moja kwa kila mtu na kikachukia viti vya rangi, na kilikuwa na haki ya kuvichukia.

Kwa maoni yangu tunahitaji njia zote mbili, kila moja mahali pake. Waogiek wa Mau, waliolazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha na kushinda kesi yao Mei 2017, au Wailchamus wa Baringo, walioomba Mahakama Kuu iwatambue kuwa kundi lenye maslahi maalumu na wakakubaliwa mwaka wa 2006, hawawezi kuambiwa wajipange tu. Idadi yao ni ndogo, ardhi yao imekatwakatwa na mipaka ya maeneobunge ya wengine, na kiwanda cha kuwakutanisha na majirani hakipo. Ibara ya 100 ya Katiba ya 2010 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kukuza uwakilishi wa jamii ndogo na zilizotengwa. Sheria hiyo iwe na meno, na nafasi za uteuzi zikome kuwa zawadi kwa wafuasi wa vinara. Ibara ya 97 imetaja waziwazi vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi kuwa makundi ya kuwakilishwa na wabunge 12 wa kuteuliwa. Ni lini mara ya mwisho umesikia chama kikiulizwa hadharani ni mzoa taka yupi au kuli yupi kilimteua?

Eastlands, kwa upande wake, haina sababu ya kugawa viti kwa kabila. Hapa jamii zote ni wapangaji. Mnubi wa Pumwani, Msomali wa Eastleigh, Mtaita wa Jericho na Mkisii wa Umoja wanakunywa maji ya bomba moja linalokauka siku moja. Wanasukumana kwenye matatu moja, wanauziana mitumba Gikomba, na soko likiungua, moto hauulizi kibanda ni cha nani. Penye shida ya pamoja pana nafasi ya kiongozi yeyote atakayeibeba, awe ametoka Rusinga au Lamu.

Kamukunji imetupa ushahidi mwingine katika miaka yetu hii. Yusuf Hassan, Mkenya Msomali aliyefanya kazi ya utangazaji katika idhaa za kimataifa na baadaye Umoja wa Mataifa, aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Agosti 2011. Desemba 7, 2012 gruneti ilirushwa nje ya msikiti mmoja Eastleigh, ikaua watu na kumjeruhi vibaya miguuni, akawa anatibiwa kwa miezi. Huo ulikuwa wakati ambao Msomali yeyote jijini alitazamwa kama mshukiwa. Machi 2013 eneobunge hilo, lenye Muthurwa na Gikomba pamoja na Eastleigh, likamrudisha bungeni, likamrudisha tena 2017, tena 2022. Mtu anaweza kutokubaliana na siasa zake. Hawezi kudai kwamba wapiga kura wa Kamukunji hawajui kuvuka mipaka ya kabila.

Ni lazima pia niseme lile ambalo wapenzi wa Mboya huliruka. Kutoka jamii ndogo hakumfanyi mtu kuwa mtetezi wa wadogo wote. Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Mboya ndiye aliyesimamia Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, ulioelekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, yanayorudisha faida haraka. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ziliachwa nyuma, na jeraha hilo halijapona. Hazina ya Usawazishaji iliyowekwa katika Ibara ya 204 ya Katiba ya 2010 ni fidia iliyochelewa kwa uamuzi wa namna hiyo. Mboya pia ndiye aliyekuwa fundi wa mkutano wa Limuru, Machi 1966, uliomng'oa Odinga katika uongozi wa KANU. Aliukata mti ambao yeye mwenyewe angeuhitaji kwa kivuli. Odinga alipoondoka, wakubwa waliobaki hawakuwa na mpinzani wa kuhofia isipokuwa Mboya.

Ndipo palipokuwa na udhaifu wake. Mwaka wa 1962, akiwa Waziri wa Leba, alisimamia kutiwa saini kwa Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani, kati ya serikali, waajiri na wafanyakazi. Mkataba ule ulileta utulivu kazini na mambo mengi mema. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, vyama vya wafanyakazi vikawekwa chini ya mkono wa serikali, na mikutano ya mitaani ikafifia. Mboya alizidi kuwa mtu wa serikali na kupungua kuwa mtu wa Ziwani, alikowahi kuishi. Umati uliombeba haukuwa tena na chombo cha kumlinda. Jumamosi ya Julai 5, 1969, akiwa na miaka 38, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa. Waliomtuma, kama walikuwepo, hawajawahi kufikishwa kortini.

Yaliyofuata yalikuwa mavuno machungu. Watu waliletwa kwa malori kula viapo vya kikabila Gatundu. Oktoba mwaka huo damu ikamwagika Kisumu mbele ya Rais Kenyatta, na KPU, chama cha Odinga, kikapigwa marufuku. Katika miezi minne nchi ilijifunza kuhesabiana kwa kabila kwa namna ambayo mitaa ya 1961 ilikuwa imeikataa. Wanaodai kwamba ukabila ni maumbile ya Mkenya wanapaswa kueleza ni kwa vipi maumbile hayo yalikosekana Nairobi Mashariki miaka minane tu kabla. Ukabila ulitengenezwa na watu, wakiwa na majina na vyeo, walioona kwamba mfanyakazi mwenye chama ni mgumu kutawaliwa kuliko mtu wa kabila mwenye hofu.

Basi tufanye nini? Mosi, vyama vya kisiasa viache vikao vya siri vya kugawa wadi 85 za Nairobi kwa makabila, viendeshe kura ya mchujo ya kweli, kwa daftari la wanachama linaloweza kukaguliwa. Mwanachama wa Dandora ana haki ya kumkataa mteule wa kinara hata kama ni wa damu yake.

Pili, turudishe vyombo vilivyomzaa Mboya. Mfanyakazi wa leo wa Eastlands haandikishwi na reli wala Baraza la Jiji. Ni mwendesha bodaboda, mama mboga, fundi wa Kariobangi Light Industries, mchuuzi wa mitumba, kijana wa mjengo anayelipwa kwa siku. Wengi wao wako nje ya vyama vya wafanyakazi, nao COTU na wenzake wameridhika kuwasemea wenye hati za mishahara. Nguvu iliyoko kwenye chama cha akiba cha bodaboda au kamati ya wapangaji wa nyumba za kaunti ni kubwa kuliko ya mikutano mingi ya hadhara. Huko ndiko kiongozi wa jamii ndogo anaweza kujulikana kwa kazi yake, hatua kwa hatua, bila kuomba ruhusa kwa kigogo wa kabila lolote. Nyumba kongwe za Eastlands zinabomolewa ili kupisha majengo marefu, na hakuna suala linalohitaji watetezi kuliko hilo: nani atarudi kwenye nyumba mpya, kwa kodi gani, na nani atasahaulika.

Tatu, tufundishe historia ya mitaa hii katika shule za mitaa hii. Mtoto wa Makadara ajue Mbotela alikuwa nani. Wa Kaloleni ajue kilichosemwa katika ukumbi ule mwaka wa 1950, na kwamba aliyekisema alikuwa Singasinga.

Kijana wa jamii ndogo anayesoma haya, mwenye ndoto ya udiwani au ubunge, nina neno moja kwako. Usipeleke jina la kabila lako mezani ukiomba uhurumiwe kwa uchache wenu. Tafuta shida moja ambayo mtaa mzima unaijua, ishike, ijifunze, ipiganie hadi watu waseme, bila wewe kuwaambia, ni nani aliyeishughulikia. Na wewe mpiga kura wa Eastlands, atakayekuja mlangoni na fulana, unga na orodha ya makabila, mwulize ni mfanyakazi gani aliyemrudisha kazini na ni familia gani aliyoizuia isitupwe nje ya nyumba. Akishindwa kujibu, usimpe kura, hata kama lugha yake ni ile uliyonyonya kwa mama yako.